Mwongozo kamili wa kuondoa viboko shuleni na kuwapunguzia watoto shinikizo, kwa shule za Kigoma

Walimu wanaoniandikia kutoka Kasulu, Buhigwe, Uvinza na Kibondo wanaeleza jambo moja kwa maneno tofauti. Mwalimu mkuu alisimama mstarini, akatangaza kwamba kuanzia leo hakuna viboko, na watoto wakashangilia. Wiki ya kwanza ikapita vizuri. Ya pili kelele zikaongezeka, ya tatu mwalimu mmoja akachukua fimbo kimyakimya, na kabla mwezi haujaisha shule nzima ikawa imerudi ilikotoka. Sasa ofisini wanasema, "Tulijaribu, hawa watoto bila fimbo hawaendi."

Wanakwenda. Shule hizo ziliondoa fimbo zikaacha palepale sababu zinazofanya inyanyuliwe: darasa lina watoto zaidi ya mia, kengele inagongwa kwa kukisia, moko, yaani mtihani wa majaribio, imekaribia, na mwalimu hajapewa kitu kingine cha kufanya. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na sababu hizo, na tangazo la mstarini linakuja karibu na mwisho. Fuateni mpangilio huo.

## Mahitaji

- Kaunta buku mbili: moja ya kuhesabia matukio, nyingine ya mwalimu wa malezi na unasihi.
- Kitabu cha adhabu ambacho shule inatakiwa kuwa nacho kisheria. Shule nyingi hazinacho, au kimejaa vumbi kabatini.
- Nakala ya Kanuni za Adhabu ya Viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la 2002, na Sheria ya Mtoto ya 2009. Afisa Elimu Kata au Mthibiti Ubora wa Shule atawasaidia kuzipata.
- Sanduku la maoni lenye kufuli na funguo mbili zinazokaa kwa watu wawili tofauti.
- Makopo mawili na maharage kiasi.
- Saa ya ukutani inayotembea, na mtu mmoja anayewajibika kugonga kengele.
- Walimu wa malezi wawili, mwanamke na mwanamume, ambao watoto wenyewe wanawakubali.
- Muda wa mihula miwili. Mkipanga kumaliza kwa mwezi, msianze.

Pesa inayohitajika ni ndogo. Mahitaji magumu ni mwalimu mkuu anayemaanisha na kamati ya shule inayojua kinachoendelea.

## Kwa nini semina ya walimu peke yake haitoshi

Hapa kwetu Kigoma, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kulikuwa na programu iliyowakutanisha walimu kwenye vikundi vyao wajifunze kutuliza hasira na kuongoza darasa bila kupiga. Matokeo ya utafiti wake yalichapishwa 2021: watoto waliendelea kupigwa, na hakukuonekana tofauti na shule ambazo hazikupata programu.

Linganisha na wilaya ya Luwero, Uganda. Huko kwenye shule za msingi 42, nusu ya shule zilishirikisha walimu, wanafunzi, viongozi wa shule na wazazi kwa miezi 18. Kwa matokeo yaliyochapishwa 2015, uwezekano wa mtoto kuwa amepigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita ulipungua kwa asilimia 42.

Programu hizo mbili hazikuwa sawa, wala mazingira hayakuwa sawa. Hata hivyo mimi nalisoma somo lake hivi: mwalimu akibadilika peke yake ndani ya shule isiyobadilika, shule inamshinda.

## Hatua ya 1: Hesabuni viboko kwa wiki mbili kabla ya kutangaza lolote

Kaunta buku ya kwanza ikae ofisi ya walimu, na kalamu yake imefungwa kwa uzi. Kila anayechapa au kupigisha magoti anaandika mstari mmoja: saa, mahali, sababu, idadi. Jina la mwalimu lisiandikwe, na la mtoto pia lisiandikwe.

Mistari itasomeka hivi: "Saa 1:35 asubuhi, getini, kuchelewa, viboko 2 kila mmoja, watoto 14." "Saa 4:10, darasa la tano, majina ya wapiga kelele, viboko 2, watoto 9." "Saa 6:00, darasa la saba, waliopata chini ya 25, kimoja kwa kila swali walilokosa."

Walimu wengine hawataandika yote. Kwa hiyo jioni, mwalimu wa malezi achague watoto kadhaa wa kila darasa, awape kila mmoja punje moja ya harage. Nyuma ya mlango kuna makopo mawili: la kushoto ni "leo nimechapwa", la kulia ni "leo sijachapwa". Mtoto anaingia peke yake, anadondosha, anatoka. Hakuna anayeulizwa neno.

Sababu: Kila mtu ofisini anaamini viboko vinachapwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Mkivihesabu mtaona vinakochapwa kweli.

Onyo: Mwalimu mkuu asilitumie daftari hili kumwita mtu ofisini. Siku atakapomwita mmoja, kesho yake kurasa zitakuwa nyeupe.

Mmefanikiwa kama: sababu nne au tano zinabeba karibu mistari yote. Shule za msingi nilizozifuatilia, orodha ni ileile: kuchelewa, kelele, kushindwa swali au jaribio, kazi ya nyumbani, na usafi. Wizi, kupigana na kumtukana mwalimu huonekana mara chache sana.

## Hatua ya 2: Someni kanuni kwa sauti kwenye kikao cha walimu

Msigawe nakala watu wakasome nyumbani, hawatasoma. Mwalimu mmoja asome, wengine wasikilize, kisha mfungue kaunta buku na kulinganisha.

Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko kwa masharti haya: kosa liwe kubwa, viboko visizidi vinne, anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyekasimiwa kwa maandishi na kupata kibali kwa kila tukio, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo na mwalimu wa kike, na kila tukio liandikwe kitabuni likionyesha jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, mwalimu mkuu akitia saini. Umri na afya ya mtoto lazima viangaliwe. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha.

Sasa rudini kwenye mstari wa saa 6:00. Kukosa swali la hesabu ni kosa kubwa la nidhamu? Kibali cha mwalimu mkuu kiko wapi? Kiliandikwa kwenye kitabu gani?

Kikao hiki huwa kimya kwa dakika kadhaa, kwa sababu walimu wengi hawajawahi kuisoma kanuni wanayodhani inawalinda. Waambieni ukweli wake: Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu huyo adhabu ya kifo. Mtoto alipotea, na mwalimu naye akapotea.

Kanuni inaruhusu viboko, haiamrishi. Shule inayoamua kutotumia kabisa haivunji sheria yoyote. Andikeni uamuzi huo kwenye muhtasari wa kikao.

## Hatua ya 3: Maliza kuchelewa

Anzeni hapa, kwa sababu fimbo ya getini ndiyo inayoifungua siku. Mtoto aliyechapwa saa 1:35 anaingia darasani akiwa ameshafunga masikio.

Chukueni majina ya wanaochelewa mara kwa mara, muwaulize mmoja mmoja, faragha, wametokea wapi na wamefanya nini tangu walipoamka. Vijiji vya ufuoni mtaona kuchelewa kunapanda wiki za giza, wavuvi wanapoingia ziwani na taa kutafuta dagaa. Asubuhi mitumbwi ikirudi, mtoto yuko mchangani anaanika. Juu milimani Buhigwe ni maji na wadogo zake. Novemba na Desemba, mvua zikishika, ni shamba la mahindi na maharage, na mito ya njiani imejaa. Wenzetu wa Urambo na Kaliua mkoani Tabora wana yao ya tumbaku.

Fimbo haimfanyi mama apate mtu mwingine wa kuanika dagaa. Inamfundisha mtoto kwamba ukichelewa ni afadhali usije kabisa, na hapo utoro unaanza.

Fanyeni hivi:

1. Anayechelewa aingie darasani moja kwa moja, akae, aanze kazi. Jina liandikwe na mwalimu wa zamu, maswali baadaye.
2. Kipindi cha kwanza kianze na kitu ambacho mtoto hapendi kukikosa: hadithi, chemshabongo, wimbo. Waliowahi wapate faida ya kuwahi.
3. Anayechelewa zaidi ya mara mbili kwa wiki, mwalimu wa malezi amfikie mzazi kupitia mwenyekiti wa kitongoji. Ombeni jambo dogo na la wazi: "Mama, tunaomba saa 1 kamili awe ameshatoka nyumbani."
4. Kengele ya asubuhi igongwe kwa saa ya ukutani. Mtoto hana saa nyumbani, anaifuata kengele.

Onyo: Msihamishe adhabu kutoka viboko kwenda kufyeka au kusimama juani. Mtoto atakosa kipindi vilevile.

Mmefanikiwa kama: orodha ya wachelewaji imebaki na majina machache, na mnajua sababu ya kila jina.

## Hatua ya 4: Futeni orodha ya wapiga kelele

Kila aliyesoma nchi hii anaijua karatasi hiyo. Mwalimu ametoka, kiranja anakaa mbele na kalamu, anaandika. Rafiki zake hawamo. Aliyekataa kumpa karanga jana yumo, na mbele ya jina lake kuna alama za kujirudia. Mwalimu akiingia hamuulizi mtu, anasoma majina na kuchapa.

Karatasi hiyo ifutwe leo, pamoja na fimbo za viranja. Mtoto asimchape mtoto mwenzake, kwa ruhusa ya mtu yeyote.

Uwiano unaotakiwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na wengi wetu tunafundisha mara mbili yake au zaidi. Darasa la namna hiyo linahitaji utaratibu wa vitendo. Chagueni ishara moja ya kimya kwa shule nzima: mwalimu anapiga makofi kwa mdundo, watoto wanajibu kwa mdundo uleule, kisha mikono juu na midomo imefungwa. Ifundisheni wiki nzima kama mnavyofundisha somo. Mwalimu asianze kuongea mpaka kimya kipatikane, hata akisubiri.

Wagaweni watoto katika vikundi vya sita sita, kila kikundi na kiongozi wake, na uongozi uzunguke kila wiki. Mwalimu akiwa hayupo, kazi iwe imeandikwa ubaoni tayari. Darasa lisilo na kazi litapiga kelele; hata sisi walimu kwenye semina tukikosa kazi tunapiga.

## Hatua ya 5: Mtoto asichapwe kwa kutojua

Hatua hii ndiyo inayopima kama shule inamaanisha, na naomba msiipite haraka.

Mtoto wa darasa la kwanza kijijini Buhigwe au Kasulu amekulia kwenye Kiha. Mwalimu anauliza kwa Kiswahili, mtoto anakaa kimya. Kimya kile mara nyingi ni kazi: analigeuza swali kichwani, anatafuta jibu, kisha analigeuza jibu. Akiwa katikati ya safari hiyo, fimbo inapiga dawati. Kila alichokuwa amekikusanya kinamwagika. Hofu inakamata sehemu ileile ya akili ambayo mtoto anaihitaji kushika swali na kutafuta jibu, na kesho hatanyoosha mkono kabisa.

Jaribuni mpangilio huu wa kuuliza:

1. Uliza swali kwa darasa zima, usitaje jina.
2. Hesabu moyoni mpaka kumi. Utaona ni muda mrefu. Vumilia.
3. Sema, "Mwambie jirani yako." Wanong'one, kwa Kiha ikibidi.
4. Sasa chagua mtu ajibu kwa Kiswahili. Hatakuwa peke yake, ana jibu alilolijaribu na mwenzake.
5. Akikosa, mshukuru kwa kujaribu, chukua sehemu iliyo sahihi, mpe mwingine aongezee, kisha *urudi kwa yule wa kwanza* alirudie jibu kamili. Kurudi huko ndiko kunakomwondolea aibu.

Wale wadogo kabisa, waamkie "Mwakeye" mlangoni kabla ya "Hamjambo". Mtoto akisikia lugha ya nyumbani kutoka kinywani mwa mwalimu, mabega yake yanashuka.

Kabla ya kumwita mtoto mvivu, chunguza mambo matatu. Anaona? Msimamishe nyuma ya darasa asome ubao, kila jicho kwa zamu yake. Anasikia? Mwite jina kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake. Ameshiba, na mzima? Kigoma na Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi zaidi Tanzania Bara; mtoto anayelala juu ya dawati saa 4 anaweza kuwa na homa. Uji wa saa 4 ni jambo la nidhamu pia, na kamati ya shule ilione hivyo inapojadili michango ya mahindi.

Sekondari kuna namna yake. Kijana wa kidato cha kwanza ametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili, anakuta masomo kwa Kiingereza, na anachapwa au kuvishwa kibao shingoni akinaswa anaongea Kiswahili. Vibao hivyo vitupwe. Tumieni mpangilio uleule: anong'one kwa Kiswahili, ajibu kwa Kiingereza.

Mmefanikiwa kama: mikono inayonyooka imeongezeka, na inanyooka hata ya wasio na uhakika wa jibu.

## Hatua ya 6: Punguzeni shinikizo la mitihani

Mwalimu anamchapa mtoto wa darasa la nne au la saba kwa sababu naye anabanwa. Mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, anambana, kata inapanga shule kwa nafasi, na kwenye kikao shule ya mwisho inasimamishwa. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Kama taifa limeweza kuacha, shule yenu pia inaweza kuacha kumtaja wa mwisho mstarini.

Badilisheni haya:

- Alama zirudishwe kwenye daftari la mtoto, zisisomwe kwa sauti. Mtoto alinganishwe na alama yake ya mwezi uliopita.
- Kila jaribio lifuatwe na kipindi cha masahihisho. Jaribio lisilosahihishwa limempa mtoto wasiwasi bila kumfundisha.
- Punguzeni idadi ya majaribio. Jaribio la kila siku linakula muda wa kufundisha.
- Kambi na vipindi vya ziada viishe jua likiwa bado lipo. Wasichana wanaotembea gizani wanawindwa, na kila mwalimu wa Kigoma anajua ninachosema.
- Usingizi ulindwe. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku. Anayeamshwa saa 10 alfajiri na kulala saa 4 usiku hasomi, anakaa tu.
- Kazi ya nyumbani iwe ndogo, isiyohitaji taa wala kitabu ambacho hana. Asiyeifanya apewe nafasi ya kuifanya shuleni, mapumzikoni, akiwa na mwenzake.

Mtoto anayetapika asubuhi ya mtihani, anayeacha kula, anayeumwa tumbo kila Jumatatu au anayesema "bora nife tu", apelekwe kwa mwalimu wa malezi siku hiyohiyo. Neno la kufa lisichukuliwe kama deko. Mtoto huyo asiachwe peke yake, mzazi aitwe, na afikishwe kituo cha afya.

## Hatua ya 7: Wekeni ngazi za kufuata mtoto akikosea

Mwalimu aliyezoea fimbo akinyang'anywa bila mbadala anabaki na mikono mitupu mbele ya darasa. Ngazi hizi ziandikwe kwenye manila, zibandikwe ofisini.

Ngazi ya kwanza, darasani. Msogelee, taja jina lake kwa sauti ya chini, mwonyeshe kazi. Makosa mengi yanaishia hapa.

Ngazi ya pili, maongezi ya dakika tano baada ya kipindi. Maswali manne: Nini kimetokea? Nani ameumia? Utarekebishaje? Unahitaji msaada gani?

Tuseme mvulana amechana daftari la mwenzake. Chini ya fimbo atalia, atanyamaza, na daftari litabaki limechanika. Kwa maswali haya atatakiwa kukaa na mwenzake, kunakili upya kurasa zilizochanika na kumrudishia mbele ya mwalimu. Inachukua muda mrefu kuliko viboko viwili, na kwa mtoto ni ngumu kuliko viboko viwili. Wanaosema njia hii ni kudekeza wajaribu kukaa na mtoto anayemwomba mwenzake msamaha.

Ngazi ya tatu, mwalimu wa malezi. Mpango wa wiki mbili kwenye kaunta buku ya pili: jambo moja la kubadilisha, nani atamsaidia, lini wataonana tena.

Ngazi ya nne, mzazi. Angalia onyo la hatua ya 8 kabla ya kumwita.

Ngazi ya tano, kamati ya shule na Afisa Ustawi wa Jamii. Kwa makosa mazito, na kwa mtoto ambaye nyumbani kwake kuna tatizo kubwa.

Onyo: Kupiga magoti kwenye kokoto, kuruka kichura, kubeba matofali, kuzuiwa kwenda chooni, kunyimwa uji na kuitwa majina ya kejeli si "adhabu mbadala". Ni ukatili uleule. Shule nyingi zinazodai zimeacha viboko zimehamia hapa, na watoto wanaona hakuna kilichobadilika.

## Hatua ya 8: Zungumzeni na wazazi kabla ya kutangaza

Iteni mkutano siku ambayo watu hawako shambani wala mnadani. Mtakutana na baba atakayesimama na kusema, "Mwalimu, sisi tumechapwa, tumekuwa watu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mchapeni." Atapigiwa makofi.

Msibishane na methali wala msimwaibishe mzee. Mwambieni, "Mzee wetu, umesema kweli kwamba mtoto lazima akatazwe, na sisi tutamkataza. Tunaomba utusikilize tulichokikuta." Kisha someni hesabu ya hatua ya 1: watoto wangapi walichapwa kwa kukosa swali, wangapi kwa kuchelewa wakitoka kuteka maji. Wazazi wengi wanadhani mtoto wao anachapwa kwa wizi na matusi. Wakisikia ni kwa ajili ya maji waliyomtuma wenyewe, mkutano unageuka.

Waelezeni ngazi tano, na kila mzazi ajue zamu yake ni ya ngapi. Mtendaji wa kijiji na viongozi wa dini wawepo. Neno lao likisemwa siku hiyo litawasaidia mwaka mzima. Kama shule ina UWAWA, umoja wa wazazi na walimu, ukabidhini kazi ya kufuatilia.

Onyo kubwa: Mzazi akiitwa shuleni, mtoto huchapwa nyumbani jioni, wakati mwingine vibaya kuliko ambavyo mwalimu angemchapa. Kwa hiyo mkimwita mzazi, anzeni kwa kumweleza jambo jema la mtoto wake, kisha tatizo, kisha mwombeni kwa maneno ya wazi: "Tumelishughulikia hapa, tunaomba asiadhibiwe tena nyumbani." Kesho yake mwalimu wa malezi amuulize mtoto usiku ulikwendaje.

## Hatua ya 9: Sasa tangazeni

Tangazeni baada ya hatua ya 3 hadi ya 7 kutembea kwa mwezi angalau. Asubuhi hiyo fimbo zote zilizobaki ziondoke: ofisini na madarasani. Mtoto asitumwe tena kukata fimbo ya mpera.

Waambieni watoto mambo manne kwa sauti moja: hakuna atakayewapiga, sheria za shule zipo palepale, ngazi za kufuata ni hizi, na mtu akiwapiga au kuwagusa vibaya wanaweza kumwendea mwalimu fulani au fulani, kuweka karatasi kwenye sanduku, au kupiga simu namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure. Namba hiyo ipakwe rangi ukutani mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana na ofisi.

Sanduku lifunguliwe kila Ijumaa na wenye funguo wote wawili wakiwepo. Likifunguliwa mara moja kwa muhula, watoto wataacha kuandika.

## Hatua ya 10: Vukeni wiki ya tatu hadi ya sita

Hapa ndipo shule nyingi zinaanguka. Watoto waliozoea kutii kwa hofu watajaribu waone mpaka uko wapi sasa. Watawachelewesha, watawajibu, wengine watacheka. Jiandaeni kabla, msishtuke.

Kila mwalimu awe na mwenzake wa jirani. Akihisi damu inapanda, anampa ishara, mwenzake anashika darasa kwa dakika tano, yeye anatoka nje anavuta pumzi na kunywa maji. Hakuna anayeuliza maswali. Mwalimu mkuu aingie madarasani kila siku kipindi hiki, na akiingia ajue anakuja kusaidia. Mwalimu anayefundisha watoto 120, ambaye nyumba yake inavuja na ana madai ambayo hayajalipwa, anahitaji kusikilizwa kabla ya kuambiwa atulie.

Mwalimu akiteleza akapiga, lisifichwe. Andikeni, mwalimu mkuu akae naye, na yeye akae na mtoto na kumwomba radhi. Akirudia, suala linakwenda kwa Afisa Elimu Kata kwa maandishi.

Mwisho wa muhula rudieni kopo za maharage, zilezile, kwa namna ileile. Angalieni pia mahudhurio kwenye rejista.

Mmefanikiwa kama: kopo la kushoto lina punje chache sana, utoro umepungua, na karatasi za sandukuni zimeanza kuzungumzia vyoo na mpira badala ya vipigo.

## Mtoto akiumizwa

Afya kwanza, maelezo baadaye. Mpelekeni kituo cha afya mara moja mtoto aliyepigwa kichwani, anayetapika, anayesinzia isivyo kawaida, anayetoka damu sikioni, mwenye uvimbe unaozidi, au anayepumua kwa shida. Mtoto aliyechapwa sana matakoni na mapajani, akikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, ni dharura: misuli iliyopondeka inaweza kuharibu figo, hata kama nje hakuna jeraha kubwa.

Chukueni PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi, lakini mtoto aliye katika hali mbaya asicheleweshwe kwa ajili ya fomu. Toeni taarifa Dawati la Jinsia na Watoto na kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Yasimalizwe kwa mbuzi na kreti ya soda kati ya mwalimu na mzazi. Mtoto hakuwepo kwenye makubaliano hayo.

## Mwalimu mkuu akihamishwa

Hili limebomoa kazi nzuri ya shule nyingi: mkuu aliyeanzisha anapata uhamisho, mpya anakuja na fimbo yake. Kwa hiyo uamuzi uwe kwenye muhtasari wa kamati ya shule na wa mkutano wa wazazi, na nakala zibaki kwa Afisa Elimu Kata. Kaunta buku zote mbili ziingizwe kwenye orodha ya makabidhiano pamoja na funguo na mihuri. Ile ya mwalimu wa malezi ina siri za watoto, ikabidhiwe kwa mwalimu wa malezi mwenzake. Mwalimu yeyote mpya anayeripoti akae siku mbili nyuma ya darasa la mwenzake akiangalia kabla ya kupewa lake, na siku ya tatu apewe ile ishara ya makofi aiongoze yeye.